Mtandao wa ofisi umegoma: kutoka dalili hadi chanzo kwenye swichi ya kusanidi

Simu nyingi ninazopokea asubuhi huanza hivi: "Fundi, habari za asubuhi, huku mtandao umekufa." Nimefunga na kurekebisha swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo, katika ofisi ndogo za Mwanza, kuanzia Barabara ya Kenyatta hadi Nyakato na Igoma, na siku hizi siikimbilii laptopu nikisikia maneno hayo. Nauliza kwanza: umekufa kwako peke yako au kwa wenzako pia? Na ulianza baada ya nini: umeme kurudi, mvua, au mtu kuhamisha meza? Ukipata majibu ya kweli ya maswali hayo mawili, nusu ya safari umeshaimaliza kabla hujapanda bodaboda.

Hapa kwetu swichi ya kusanidi, ile unayoingia ndani yake na kuipangia kazi, ikishafungwa tu hubeba lawama za kila kitu. Watu husema "ile settingi yako imeharibika." Kwa niliyoyaona, chanzo mara nyingi kiko chini ya settingi: umeme, kebo, waya wa kushuka ardhini. Na pale ambapo usanidi kweli una kosa, mara nyingi utakuta ncha mbili za waya mmoja zimepangwa tofauti, upande huu unasema hivi na upande ule unasema vile. Kwa hiyo mimi hupanda kutoka chini: umeme, kebo, taa ya poti, VLAN, anwani ya IP, na mwisho kabisa intaneti yenyewe.

Nitatumia mfano wa ofisi ya watu 14 yenye swichi moja ya poti 24. VLAN 10 ni ya wafanyakazi, 20 ya simu za mezani, 30 ya kamera, 40 ya Wi-Fi ya wageni, na 99 ya kuisimamia swichi yenyewe. VLAN ni kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizoonana. Waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta hubeba VLAN zote pamoja, kila pakiti, yaani kipande cha data, ikiwa na lebo ya namba ya VLAN yake, na waya huo ndio tunaouita tranki. Usiichanganye na trankingi, ile mifereji ya plastiki ya ukutani, maana nimeshaona mteja na fundi wakibishana robo saa, kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Swichi mpya haifunguki kwenye kivinjari

Umeitoa kwenye boksi, umeunganisha kebo, umeandika anwani, na ukurasa haufunguki. Angalia kwanza Wi-Fi ya laptopu yako. Ikiwa bado imeunganishwa na simu au ruta nyingine, maombi yako huenda yanapita huko na swichi haiyaoni kabisa. Izime.

Kisha angalia anwani. Kila kampuni ina anwani yake ya kiwandani: TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, swichi za Cisco za ofisi ndogo ni 192.168.1.254, D-Link ni 10.90.90.90, Netgear ni 192.168.0.239, MikroTik ni 192.168.88.1. Soma kibandiko cha chini ya swichi kabla ya kukisia. Laptopu yako lazima iwe kwenye familia hiyo hiyo ya anwani, na uiandike kwa mkono, kwa sababu swichi mpya kwa kawaida haigawi anwani. Kwa D-Link, kwa mfano, jipe 10.90.90.10 na kinyago (subnet mask) 255.0.0.0, kisha jaribu tena.

Ikiwa jana ilifunguka na leo haifunguki, huenda umejifungia nje mwenyewe. Hutokea hivi: unahamisha usimamizi kwenda VLAN 99, unabonyeza kuhifadhi, na poti uliyochomeka laptopu bado iko VLAN 1. Mlango umefungwa na wewe uko nje. Njia ya kurudi ni kebo ya konsoli, ile ya kuongea na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao, ikiwa swichi ina tundu lake. Kasi huwa 9600 au 115200 kulingana na kampuni, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukiona herufi za ajabu zisizosomeka, umekosea kasi tu. Swichi isiyo na konsoli haikuachii njia nyingine ila kitufe cha riseti, na kazi yote inaanza upya.

Ndiyo maana kila ninapofunga swichi naitenga poti ya mwisho, kwa mfano wetu poti 24, naiweka VLAN 99 kabla ya kugusa kitu kingine, na naihamia hiyo kufanya kazi. Hakuna anayeruhusiwa kuitumia. Kwenye swichi za Cisco zinazotumia amri, naandika pia `reload in 10` kabla ya badiliko la hatari: nikijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na kurudi kwenye usanidi wa zamani, mradi sijauhifadhi mpya. Mambo yakienda vizuri, `reload cancel` inaifuta. MikroTik nao wana hali ya usalama inayofanya kazi kama hiyo. Kama unasanidi swichi iliyo Nansio na wewe uko mjini, kosa moja litakugharimu nauli ya kivuko na siku nzima ya kazi, kwa hiyo amri hiyo usiisahau.

Taa ya poti haiwaki, au inawaka na kuzima

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chukua kebo fupi unayoiamini, ichomeke kwenye poti ile ile na laptopu yako. Ikiwaka, swichi ni nzima na ugonjwa uko kwenye kebo ya ukutani au kifaa cha mwisho. Isipowaka, jaribu poti ya jirani. Hakikisha pia poti haijazimwa kwa usanidi, kwa sababu wapo wanaozima poti zisizotumika, jambo zuri, kisha hawaandiki popote.

Taa inayowaka na kuzima, au poti ya gigabiti inayoonyesha megabiti 100, mara nyingi ni waya mmoja ndani ya kebo. Kasi ya 100 inahitaji nyaya nne tu, yaani namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nane. Kwa mpangilio wa rangi wa B (T568B), jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, kompyuta na swichi bado zitasikilizana kupitia chungwa na kijani na kukubaliana kwenda gigabiti, kisha zinashindwa. Vifaa vingine vitashuka hadi 100 kimya kimya, vingine vitabaki vikijaribu na kuanguka mfululizo. Usilazimishe kasi ya 100 kwenye usanidi ili taa itulie. Kata kichwa, krimpi upya, pima kwa testa.

Nikikuta kebo nzima ina matatizo ya aina hiyo, nachomoa kisu. Kwangua waya mmoja: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe wa fedha chini ya ngozi nyekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Boksi lake ni jepesi kuliko la shaba na bei yake inavutia, lakini ukinzani wake ni mkubwa zaidi, huvunjika ukikunja, na ukiipitishia umeme wa kamera hupata joto. Mteja akinionyesha boksi la namna hiyo alilonunua mwenyewe, namwambia wazi, kwa heshima, kwamba siitandazi darini kwake. Ni afadhali nikose kazi hiyo kuliko kurudi kila mwezi.

Taa inawaka, lakini kompyuta imejipa anwani ya 169.254

Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Hapa kuna jaribio moja linaloigawa barabara. Ipe kompyuta anwani kwa mkono, tuseme 192.168.10.200, halafu uiulize ruta kwa ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, kwenye 192.168.10.1. Ikijibiwa, njia ni nzima na anayekosekana ni mgawaji wa anwani, yaani DHCP. Isipojibiwa, njia yenyewe imekatika, na hapo ndipo VLAN zinapoingia.

Tuanze na njia iliyokatika. Swichi nyingi zinazosanidiwa kwa kivinjari zina mtego ambao hakuna fundi niliyemfundisha ambaye hakuwahi kuuingia. Kuiweka poti 5 kwenye VLAN 10 kunahitaji mambo mawili kwenye kurasa mbili tofauti. La kwanza, poti iwe mwanachama wa VLAN 10 bila lebo: hilo linahusu pakiti zinazotoka kwenda kwenye kompyuta. La pili, PVID ya poti iwe 10: hilo linahusu pakiti zinazoingia kutoka kwenye kompyuta. Ukifanya la kwanza ukasahau la pili, kompyuta inaweza kusikia VLAN 10, lakini kila inachosema kinaenda VLAN 1. Ni kama mtu anayesikiliza mkutano wa chumba hiki huku mdomo wake ukizungumza chumba cha pili. Ukikuta hali ya "inapokea lakini haijibiwi," nenda moja kwa moja kwenye PVID.

Kisha angalia tranki. VLAN 10 lazima iruhusiwe kwa lebo kwenye poti ya swichi inayoelekea ruta, na ruta nayo iwe na VLAN 10 kwenye poti yake. Mtu akiongeza VLAN 40 ya wageni wiki iliyopita, akaiumba kwenye swichi na akasahau kuiruhusu kwenye tranki, wageni watapata taa na Wi-Fi yenye mistari yote mitatu lakini anwani hawatapata. Fungua kurasa za pande zote mbili, ya swichi na ya ruta, uziweke kando kwa kando, usome namba kwa sauti. Nasema kwa sauti kwa sababu macho huona kile yanachotarajia.

Ikiwa ping ilijibiwa, tazama DHCP. Je, ruta imepewa kundi la anwani kwa ajili ya VLAN hiyo? Je, anwani zimekwisha? Ofisi inayopokea wageni wengi na kuwapa anwani kwa siku nane kila mmoja itamaliza kundi la 100 haraka. Punguza muda uwe saa chache. Na kama umewasha ulinzi wa DHCP kwenye swichi, hakikisha poti inayoelekea ruta umeitia alama ya kuaminika. Ukiisahau, swichi inatupa majibu ya ruta yako halali, na ofisi nzima inakosa anwani kwa sababu ya ulinzi wako mwenyewe.

Kuna hali moja ndogo: kompyuta inayokosa anwani ikiwashwa tu, lakini ukichomoa kebo na kurudisha na kungoja inapata. Hiyo ni itifaki ya kuzuia mzunguko, STP, inayoishikilia poti kama sekunde 30 kabla ya kuiruhusu. Kwenye poti za kompyuta na printa washa hali ya poti ya ukingoni. Usiiwashe kwenye poti zinazokwenda swichi nyingine.

Watu wachache wana anwani ngeni

Hawa watatu wa chumba cha nyuma wana 192.168.1.x wakati ofisi ni 192.168.10.x. Wengine wanafanya kazi vizuri. Kesho watakuwa wengine. Ugonjwa unaohamahama hivi una sababu moja kwa kawaida: kuna mgawaji wa pili wa anwani ndani ya nyumba.

Katika ofisi moja ya hesabu, kijana alikuwa anapata Wi-Fi hafifu kwenye kona yake, akaleta ruta yake ya nyumbani, akaichomeka ukutani kwa tundu la LAN. Nia yake ilikuwa njema. Ruta ile ikaanza kugawa anwani, na kila kompyuta ikawa inamchukua anayejibu kwanza.

Ili kumpata mgawaji huyo, si lazima uzunguke chini ya meza. Kwenye kompyuta iliyoathirika andika `ipconfig /all` uone anwani ya seva ya DHCP. Andika `arp -a` uone anwani ya MAC ya kifaa hicho, yaani namba yake ya kiwandani. Ingia kwenye swichi, fungua jedwali la MAC, itafute. Jedwali litakuambia iko poti ya ngapi, na ramani yako ya poti itakuambia ni chumba gani. Hii ndiyo faida ninayowaeleza wateja wanaouliza kwa nini walipe zaidi kwa swichi ya kusanidi: swichi ya kawaida isingeweza kukujibu swali hilo. Ukikuta poti hiyo ina MAC sita badala ya moja, kuna swichi ndogo imefichwa huko, utaendelea kwa miguu kutoka hapo.

Ukishaitoa, washa ulinzi wa DHCP kwa kanuni niliyoitaja juu. Na kijana mwenye shida ya Wi-Fi umpatie Wi-Fi, maana asipopata, ruta itarudi.

Taa zote zinapepesa kwa pamoja na ofisi nzima imesimama

Ukiiona mara moja hutaisahau. Taa za poti zote zinapepesa kwa kasi na kwa mwendo mmoja, hata za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia. Ukurasa wa swichi haufunguki, simu za mezani zimenyamaza. Pakiti ya matangazo imeingia kwenye mzunguko, inazunguka na kuzaa nakala bila kikomo.

Usipoteze muda na laptopu. Chomoa kebo za swichi moja baada ya nyingine, ukianza na zinazokwenda vyumba vyenye swichi ndogo, na utazame taa. Ukichomoa ile yenye hatia, taa zote hutulia papo hapo. Weka alama, rudisha nyingine, kisha fuata kebo hiyo hadi mwisho wake.

Mara ya mwisho mwisho wake ulikuwa mapokezi. Simu za mezani za IP zina matundu mawili nyuma: moja la kwenda ukutani, jingine la kuipitishia kompyuta mtandao. Waya wa kompyuta ulikuwa umechomoka. "Kaka, nilikuta waya unaning'inia," dada wa mapokezi aliniambia, "nikaona niurudishe mahali pake." Mahali palipokuwa wazi ni tundu la pili la ukuta. Simu ikawa daraja kati ya poti mbili za swichi ile ile. Sikumlaumu hata kidogo. Tundu lililo wazi linakaribisha waya, na kosa lilikuwa langu kuacha poti isiyotumika ikiwa hai.

Dawa ipo tangu zamani. Radia Perlman aliibuni STP mwaka 1985, na toleo lake la haraka, RSTP, huikata njia ya ziada ndani ya muda mfupi. Tatizo ni kwamba swichi kadhaa za bei nafuu hufika STP ikiwa imezimwa, kwa hiyo angalia, usidhani. Washa RSTP, washa ulinzi wa BPDU (pakiti za STP) kwenye poti za wafanyakazi, na kama swichi ina ugunduzi wa mzunguko wake yenyewe, uwashe pia, kwa sababu swichi ndogo isiyosanidiwa chini ya meza inaweza kumeza zile pakiti za STP, na mzunguko ulio nyuma yake usionekane. Ongeza kikomo cha pakiti za matangazo kwenye kila poti. Kisha zima poti zote zisizo na mwenyewe.

Baada ya hapo jiandae kwa dalili mpya: poti iliyojizima yenyewe. Mtu atapiga simu kwamba tundu lake "limekufa," na kumbe ulinzi umefanya kazi yake. Soma kumbukumbu za swichi kabla ya kuiwasha tena, maana kama chanzo bado kipo itajizima tena.

Kamera zinazima usiku

Mchana picha ni safi. Ikifika saa moja jioni kamera mbili zinapotea, zinarudi, zinapotea. Wateja wengi huamini kuna mtu anazikata, na walinzi wameshatiliwa shaka bure kwa jambo hili, ndiyo maana nalieleza kwa kirefu.

Fanya hesabu ya wati. Poti ya PoE, ile inayopeleka umeme kwenye kifaa kupitia kebo ya mtandao, ya kiwango cha 802.3af inaweza kutoa hadi wati 15.4, na ya 802.3at hadi wati 30. Lakini swichi nzima ina bajeti moja ya jumla, na bajeti hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko jumla ya poti zote. Chukua swichi yenye poti 8 za PoE na bajeti ya wati 60. Kamera 8 zinazokula wati 5 kila moja mchana zinafika 40, hakuna shida. Giza likiingia, taa za infraredi zinawaka ndani ya kila kamera, na kila moja inapanda hadi tuseme wati 9. Nane mara tisa ni 72. Bajeti imevukwa, swichi inakata zile zenye kipaumbele cha chini. Kwa swichi nyingi, usipopanga, ni poti zenye namba kubwa. Kamera iliyokatwa inaacha nafasi, swichi inairudisha, inavuka tena. Hivyo ndivyo inavyopotea na kurudi.

Fungua ukurasa wa PoE saa mbili usiku, sio saa nne asubuhi, usome matumizi halisi. Ipe kamera ya lango na ya kaunta ya fedha kipaumbele cha juu. Ukiweza, nunua swichi yenye bajeti kubwa zaidi, au hamisha kamera mbili kwenye kifaa chao cha kuingiza umeme kwenye kebo (injekta ya PoE). Angalia pia kama swichi inahesabu kwa daraja badala ya matumizi: hapo kila kamera inatengewa wati 15.4 hata kama inakula 5, na bajeti ya 60 inaishia kwenye kamera ya tatu. Ndiyo sababu ya nne haiwaki kabisa.

Kama hesabu iko sawa na bado zinazima, rudi kwenye kisu na kebo. Kebo ndefu ya aluminiamu inapoteza umeme njiani, na usiku kamera inapohitaji zaidi ndipo upungufu unapoonekana.

Mtandao upo ila unajikokota

Fungua takwimu za poti, tafuta safu ya makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Zifute, ngoja saa moja, tazama tena. Namba inayopanda kwenye poti moja ni kebo au kichwa chake. Kebo isizidi mita 100, ukihesabu pamoja na kebo fupi za pande zote mbili. Kwenye ghala moja la dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba, kebo ilikuwa imepitishwa juu chini ya bati: asubuhi safi, saa nane mchana makosa yanapanda. Shaba ikipata joto inapoteza zaidi, na kebo ile tayari ilikuwa inakaribia mwisho wa urefu wake. Tuliipitisha ukutani, tatizo likaisha.

Sababu nyingine ni mtu aliyefunga kasi na dupleksi (kutuma na kupokea kwa pamoja, au nusu, yaani kwa zamu) kwa mkono upande mmoja tu. Upande ulioachwa ujichagulie hauwezi kujua dupleksi ya mwenzake, unaangukia nusu, na kazi kubwa zinaburuta huku ping ikionekana nzuri. Acha pande zote mbili zijichagulie.

Wageni wanaiona printa ya ofisi

VLAN umezitenga vizuri, ila ruta inazipitishia zote. Kutenga kwenye swichi hakutoshi. Andika kanuni kwenye ruta inayokataza VLAN 40 kufika 10, 20, 30 na 99.

Umeme umerudi, na usanidi umetoweka

Ulibadilisha, ikafanya kazi, ukaondoka. Wiki mbili baadaye umeme ukakatika, na swichi ikaamka na usanidi wa zamani. Swichi nyingi zina nakala mbili: inayotumika sasa na ya kuanzia. Kitufe cha kutekeleza hubadilisha ya kwanza tu. Tafuta kitufe cha kuhifadhi, au kwenye Cisco ya amri andika `copy running-config startup-config`. Kisha pakua faili la usanidi, uliweke mahali pawili.

Weka seva ya saa pia, na ukanda wa saa +3. Bila hivyo, kila umeme ukikatika kumbukumbu zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na huwezi kujua poti ilijizima jana au leo.

Ikiwa swichi inajizima na kujiwasha bila umeme kukatika, angalia feni. Ofisi zilizo karibu na maji, kuanzia Capri Point hadi Igombe, hupokea wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kufuata taa. Wanaingia kwenye matundu ya raki, wanakufa, wanaziba. Safisha kwa brashi kavu, weka wavu mwembamba kwenye mlango wa raki, zima taa ya chumba hicho usiku. Kuhusu stebilaiza, adapta iliyoandikwa 100-240V haiihitaji. Kule kuruka kwake kutoka ngazi moja ya umeme hadi nyingine kunaweza hata kuikata swichi kwa kitambo. Inachohitaji ni UPS nzuri.

Baada ya radi

Radi nyingi za ziwani huja usiku, kwa hiyo dalili zinakungoja asubuhi: poti nne zimekufa, nyingine zinafanya kazi, na printa moja haionekani. Radi haihitaji kupiga jengo lako. Ikianguka karibu inaamsha umeme kwenye kila waya mrefu, na kebo ya shaba inayovuka uwanja kutoka jengo moja kwenda jingine ndiyo njia yake anayoipenda. Kati ya majengo tandaza faiba. Kioo hakipitishi umeme, na kwa umbali wa ofisi ndogo gharama yake si ya kutisha kama ilivyokuwa zamani.

Kisha angalia waya wa kushuka ardhini, ule mafundi wanaouita athi. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na kule Isamilo au Bugando fimbo ya athi inagonga mwamba kabla haijazama nusu yake. Nimekuta fimbo zilizokatwa na kufukiwa juu juu ili ionekane kazi imekwisha. Itale kavu haipokei umeme vizuri. Mwite fundi umeme mwenye mita ya kupima ukinzani wa ardhi, apime mbele yako, na kama namba ni mbaya afukie waya mrefu kwa mlalo mahali penye udongo wenye unyevu, au aunganishe fimbo kadhaa. Raki, UPS na kinga za kebo zote zifungwe kwenye athi hiyo moja.

Swichi iliyopigwa usiirudishe kazini kwa poti zake zilizobaki. Zile nzima za leo mara nyingi hufa moja moja ndani ya wiki zinazofuata, na kila moja itakugharimu asubuhi nzima ya kutafuta. Weka mpya ya modeli ile ile, ipandishe femuwea, yaani programu yake ya ndani, ifike toleo la ile ya zamani, kisha ipakie faili la usanidi ulilohifadhi. Ukichomeka kebo kwa kufuata ramani ya poti iliyobandikwa ndani ya mlango wa raki, ofisi ya watu 14 inakuwa kazini kabla ya chai ya saa nne.